Likoni hadi Rabai kwa baiskeli ya baba: Njia tulivu za Pwani ambazo hujawahi kuzipita

Wacha nikuulize swali, na usinidanganye. Mara ya mwisho ulitoka Mombasa bila kuwa unaenda matangani, harusini au Nairobi kutafuta kazi ilikuwa lini?

Mimi nimezaliwa Likoni, nikakulia Likoni, na mpaka natimiza miaka 23 sikuwa nimewahi kukanyaga Kwale mjini. Kwale jamani! Pale ambapo matatu inakufikisha kabla hujamaliza kusikiliza nyimbo kumi na tano. Diani nilikuwa naijua, manake Diani kila mtu huenda kupiga picha. Lakini kule juu, nyuma ya minazi, kwenye vilima tunavyoviona kwa mbali kila siku, kwangu mimi palikuwa ni mandhari tu ya nyuma ya selfi.

Kilichonitoa nyumbani ni video. Mwaka huo nilikuwa nimeacha chuo (karo, hadithi ndefu, tutaiongea siku nyingine) na bando la usiku ndilo lililokuwa rafiki yangu wa karibu. Usiku mmoja nikaangukia video za wazee wa Uingereza wakizunguka mashambani kwa baiskeli. Si mbio. Hakuna anayeshindana na mtu. Mzee na mkewe, nywele nyeupe, mikoba imefungwa kwenye keria, wanapita vijia vyembamba vyenye ua wa miti huku na huku, wanasimama kuangalia kondoo, wanakunywa chai, mvua inanyesha, wanavaa koti, wanaendelea. Saa nzima hakuna kitu kinachotokea na mimi siwezi kuzima simu. Nilijiuliza, hivi hawa wanaenda wapi? Kumbe hawaendi popote. Kwenda kwenyewe ndiyo shughuli.

Nikaanza kusoma. Waingereza walianzisha chama chao cha waendesha baiskeli za safari mwaka wa 1878, kabla hata reli yetu haijaanza kujengwa hapa Mombasa. Mwaka wa 1995 shirika lililoitwa Sustrans likapata pesa za bahati nasibu ya taifa na kuanza kuunganisha njia za baiskeli nchi nzima. Zina vibao vya buluu na namba, kama matatu. Ile maarufu zaidi, inayotoka pwani ya magharibi hadi pwani ya mashariki, ilifunguliwa 1994 na ina urefu wa kilomita 225 hivi. Sehemu yake inapita juu ya reli ya zamani iliyong'olewa. Siri yao kubwa si pesa wala baiskeli za bei. Siri ni kwamba wamekaa chini wakatafuta barabara ambazo magari makubwa hayapiti, wakaziunganisha moja baada ya nyingine.

Basi nikazima simu, nikatoka uani. Na uani kwetu kulikuwa na blakmamba ya baba.

Unaijua hiyo baiskeli. Nyeusi, nzito, breki za vyuma, keria pana ya kubebea gunia. Baba ni mtu wa Rabai. Kabla sijazaliwa alikuwa akiteremsha nazi kutoka kwao hadi Changamwe kwa baiskeli hiyo. Kila Idi, kila Krismasi, kila mgeni akija, lazima atuambie: "Mie nilikuwa nashuka Mazeras na nazi themanini mgongoni." Na sisi tunacheka. Tulidhani ni zile hadithi za wazazi, kama za kwenda shule bila viatu. Sasa magoti yake yamekwisha na baiskeli ilikuwa imeegemea ukuta ikila kutu. Mama alikuwa ashatafuta mtu wa kuinunua kwa bei ya vyuma.

Nikasema ninaitaka mimi. Nyumba nzima ikanyamaza.

Unajua shida iko wapi? Hapa kwetu baiskeli ni ya kuuzia. Ya mkate, ya maji, ya madafu, ya makaa. Ukionekana juu ya baiskeli na hakuna kitu umebeba, mtaa mzima unajua mambo yameharibika. Na ukiwa msichana, ongeza mara tatu. Siku ya kwanza nilipita karibu na maskani ya vijana nikasikia mambo ambayo mhariri hawezi kuyachapisha. Mama hakusema mengi, aliuliza tu, "Watu watasemaje?" Tayari walikuwa wanasema.

Tena siku hiyo nilikuwa nimevaa dera. Usivae dera. Sikuambii kwa sababu ya heshima, nakuambia kwa sababu ya cheni. Dera liliingia kwenye cheni mbele ya duka la dawa, nikaanguka polepole kama mnazi uliokatwa, watu wakapata burudani ya bure. Tangu hapo ni suruali pana, juu yake kanzu fupi, mtandio umefungwa nyuma. Nilipokuja kusoma nikagundua si mimi wa kwanza. Wanawake wa Uingereza na Marekani miaka ya 1890 walikuwa na vita hivyo hivyo, sketi ndefu na cheni, na walipovaa suruali pana magazeti yakawakejeli. Mmoja wao, Annie Londonderry, aliondoka Boston mwaka wa 1894 akasema anazunguka dunia kwa baiskeli, akaacha mume na watoto watatu nyumbani. Mimi nilikuwa nataka kufika Kwale tu.

Kwa hiyo twende Kwale.

Tulikuwa watatu. Mimi, binamu yangu wa kiume, na rafiki yangu anayeishi Kisauni ambaye alilazimika kuamka saa kumi usiku, avuke daraja la Nyali, akate kisiwa kizima, asukumane kwenye feri na watu wa kazi, ndipo atukute. Wale wenzangu walikuwa na baiskeli za giya za mtumba, zile zinazoteremshwa kwenye kontena. Ukiwa na Sh8,000 na subira utapata nzuri, lakini usinunue peke yako, nenda na fundi umlipe soda. Muambie azungushe magurudumu uyaone yanavyoenda. Rangi isikudanganye.

Ukitoka Likoni, barabara kuu ya kuelekea Lunga Lunga si mahali pa kustarehe. Matatu zinakupita karibu mpaka unasikia redio inacheza nini. Sisi tuliondoka saa kumi na mbili kasorobo asubuhi ya Jumapili, na hiyo ndiyo dawa: Jumapili, mapema. Ukishapita Shika Adabu na Ng'ombeni, unaanza kuona vijia vya udongo vinavyoingia ndani upande wa Matuga. Ingia. Hapo ndipo safari inaanzia.

Sijui nikuelezeje kimya cha kule. Fikiria umezoea honi, mnada wa nguo, spika ya duka la simu, halafu ghafla unasikia tairi lako mwenyewe likikanyaga majani. Minazi, mikanju, miembe, michungwa, nyumba moja, halafu minazi tena. Watoto wanakimbia nyuma yako wakipiga kelele. Kuna harufu ya moshi wa kuni na mbaazi zinazotokota. Binamu yangu, mtu asiyenyamaza hata akiwa usingizini, alinyamaza kilomita tatu nzima.

Halafu tukasimamishwa.

Palikuwa na duka dogo, tukashuka kununua maji. Mwanamume mmoja akatuuliza, "Mwatoka wapi nyinyi?" Tukasema Likoni, na huyu Kisauni. Ningejua ningenyamaza kuhusu Kisauni. Unajua habari zinazoandikwa kuhusu vijana wa Kisauni na Likoni. Panga, simu, magenge. Kwa mtu wa kijijini, kijana wa mjini aliyefika asubuhi na mapema na begi mgongoni ni mtu aliyekuja kuchungulia kuku wapo wangapi. Watu wakaanza kujikusanya. Mzee wa kijiji akaitwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwaenda wapi?"

"Kwale, mzee."

"Kufanyani?"

Tukaangaliana. Binamu yangu akajibu ukweli: "Hakuna kitu, mzee. Kutembea tu."

Jibu hilo ndilo lililotuponza. Kama angesema matanga, tungepewa na maji. Vitambulisho vikatolewa, vikaangaliwa mbele na nyuma, begi likafunguliwa, likakutwa na pampu, tiyubu moja, mahamri sita na mafuta ya kujipaka. Zilipita karibu dakika ishirini. Sitakuficha, niliogopa. Watu wakishaamua wewe ni mwizi, huna muda wa kueleza. Aliyetuokoa ni mama mmoja aliyekuwa akichoma mihogo kando, wala hakuinuka. Alisema tu, "Waacheni watoto watembee. Mwizi hatembei na mahamri." Mzee akacheka, kila mtu akacheka, tukanunua mihogo ya Sh50 ambayo hatukuwa na njaa nayo.

Kwa hivyo nakwambia jambo ambalo video za Uingereza haziwezi kukufunza. Ukiingia kijiji cha watu, shuka. Usipite juu ya baiskeli kama gari la siasa. Salimia mkubwa, sema unatoka wapi, sema ni mtoto wa nani ukiweza, ndiyo uendelee. Inachukua dakika mbili. Tangu siku ile tumefanya hivyo na hatujawahi kusimamishwa tena. Mara mbili tumekaribishwa chai.

Ukifika Kombani unakunja kulia na mlima unaanza. Kwale iko karibu mita 400 juu ya usawa wa bahari, na wewe umetoka baharini kabisa, kwa hivyo fanya hesabu. Blakmamba haina giya. Nilisukuma. Nilisukuma tena. Nilifika mahali nikakaa chini ya mwembe nikamchukia yule mzee wa Uingereza na kondoo wake. Lakini ukipanda, joto linapungua, upepo unabadilika, miti inakuwa mirefu, na ukigeuka nyuma unaona bahari yote imetandazwa kule chini. Nimeishi kando ya bahari hiyo maisha yangu yote na sikuwa nimewahi kuiona ikiwa nzima.

Kutoka Likoni hadi Kwale ni kama kilomita 30. Sisi ilituchukua saa nne na ushee, pamoja na kesi yetu. Tulikula wali wa nazi na maharagwe, tukalala kwenye nyasi. Pembeni ndiyo hifadhi ya Shimba Hills, mahali pekee Kenya nzima unapoweza kumwona palahala porini, yule swala mweusi mwenye pembe zilizopinda kama upanga wa mfalme. Usijaribu kuingia mle na baiskeli kwa kujiamulia. Nenda langoni uongee na maafisa wa KWS. Na kama unafikiria kuendelea upande wa Kinango, ujue kuna hifadhi ya ndovu ya Mwaluganje pale kando. Ndovu hajui kama wewe ni mtalii wa ndani. Jua likianza kushuka, uwe ushaondoka.

Sasa kurudi. Kila mtu anakwambia kupanda ndiko kugumu. Sikiliza, kushuka ndiko kunakoua. Blakmamba ina uzito wa dunia na raba za breki zilikuwa za tangu baba akiwa na nywele. Nusu ya mteremko nikabana breki, nikasikia chuma kinasaga chuma, na baiskeli ikaendelea kama haijasikia. Kulikuwa na kona mbele na lori la mchanga linapanda. Niliteremsha mguu, nikakandamiza ndara juu ya tairi la mbele mpaka raba ikanuka, nikajitupa upande wa majani. Lori likapita. Dereva hata hakuniona. Nilibaki na ndara moja na nusu, goti limechubuka, mikono inatetemeka hivi kwamba binamu yangu ndiye aliyenifungulia chupa ya maji.

Nyumbani nikasema nilianguka kwenye mchanga. Baba hakuuliza kitu. Usiku nikasikia vyuma vinagongana uani. Nilipotoka nilimkuta amekaa kwenye kigoda, tochi ya simu mdomoni, anang'oa raba za breki. Akanionyesha: zilikuwa nyembamba kama ganda la karanga. Akasema, "Wewe mwana, hii si ya kuchezea. Mwenzangu alifia pale Mazeras kwa hii hii." Hiyo sehemu ya hadithi hakuwahi kutuambia siku za Idi. Walikuwa wawili, wana nazi, trela likawapita karibu mno. Yeye aliangukia ndani, mwenzake akaangukia nje.

Ndiyo maana nilipotaja Rabai, alikataa katakata. Si kwamba hakutaka niende kwao. Hakutaka nipite njia ile. Na ana haki. Kutoka Changamwe kwenda Mazeras ni barabara kuu ya Nairobi, mizigo mingi ya bandari inapita hapo, ya Uganda, ya Rwanda, ya Kongo. Waingereza wamekuwekea kibao cha buluu. Sisi tumewekewa trela la magurudumu ishirini na mbili na dereva ambaye hajalala.

Kilichobadilisha mambo ni Dongo Kundu. Barabara ile ilipofunguliwa yote mwaka wa 2024, mtu wa Likoni aliweza kutoka kwao akafika Miritini bila kupanda feri wala kukanyaga kisiwa. Kama hujapita pale kwa baiskeli, umekosa. Daraja la Mteza lina karibu kilomita moja na nusu, chini yako ni mikoko na maji yametulia, wavuvi kwenye mitumbwi wanaonekana kama sisimizi. Upepo lakini! Unakupiga ubavuni kama unadaiwa. Shika usukani kwa mikono miwili, kaa kando kabisa, na picha piga ukiwa umesimama nje ya njia ya magari, si kama wale wanaojipanga katikati ya lami.

Nilimweleza baba: nitapita Kibundani, nivuke Dongo Kundu, na ile sehemu mbaya ya Miritini hadi Mazeras sitaiendesha. Tutapakia baiskeli kwenye gari. Akafikiria siku mbili. Akasema sawa, lakini rafiki zako watangulie wakaulize bei. Basi ndivyo tulivyofanya. Tulipofika barabara kuu tukapata pikapu iliyokuwa inarudi tupu, Sh150 kila mtu na baiskeli yake, dakika chache tuko Mazeras. Kuna watu watakwambia huko ni kudanganya, safari ya baiskeli lazima uiendeshe yote. Waambie wakaiendeshe wao.

Kutoka Mazeras unakunja kulia, unaacha kelele nyuma yako, na kilomita chache mbele ndiyo Rabai. Barabara inapinda katikati ya minazi, vilima vidogo vidogo, upepo mzuri. Wanaume wamo juu ya minazi wakigema. Tulipishana na mzee anayeteremka na vibuyu na madumu ya tembo kwenye keria, blakmamba kama yangu, akaitazama ya kwangu, akapiga kengele. Nikapiga na mimi.

Rabai si kijiji tu. Mwaka wa 1844 mmisionari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, alifika Mombasa. Kabla mwaka haujaisha alikuwa ashamzika mkewe na mtoto mchanga, na kaburi liko Mkomani, upande wa Nyali, pale ambapo watu wa Kisauni mnapita kila siku mkienda kazini. Mwaka wa 1846 yeye na mwenzake Johannes Rebmann wakahamia Rabai. Kutoka hapo Rebmann alitembea kwa miguu hadi akaiona theluji ya Kilimanjaro, Mei 1848. Alipoandika, wasomi waliokaa London wakamcheka, eti theluji haiwezi kuwa ikweta. Watu ambao hawakuwa wametoka hata kwenye kiti! Mimi niliyeacha chuo nilipoisoma hiyo pale kwenye jumba la makumbusho nilicheka peke yangu mpaka mlinzi akanigeukia. Krapf naye alikusanya maneno ya Kiswahili kwa miaka mingi, na kamusi yake ikachapishwa 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Makumbusho yamo ndani ya lile kanisa la zamani, na nyumba zao bado zipo hapo hapo.

Rafiki yangu wa Kisauni ndiye aliyepata mshtuko mkubwa. Anaishi karibu na Kengeleni na hakuwahi kujiuliza kwa nini panaitwa hivyo. Mwaka wa 1875 wamisionari walianzisha Freretown kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani, na kengele ile ilikuwa ya kuwaonya hatari ikija. Rabai nayo ilikuwa na jamii kama hiyo: waliokombolewa na waliotoroka wenyewe. Alisimama pale akisoma, halafu akasema, "Yaani mimi nimetoka kengeleni nikaja mpaka huku kuambiwa kengele ni ya nini." Alikuwa ameamka saa tisa usiku siku hiyo.

Kuhusu makaya, tafadhali. Misitu mitakatifu ya Mijikenda iliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka wa 2008, na matatu ya Warabai yamo. Haya si mahali pa kuingia na spika na kupiga tiktok. Kuna wazee, kuna taratibu, kuna sehemu ambazo mgeni hafiki kabisa. Uliza pale makumbusho watakuelekeza kwa mzee anayehusika. Hupati mwenyeji, huingii. Utazame msitu kutoka njiani, na hiyo inatosha. Ukiwa na nguvu unaweza kuendelea Ribe hadi Kaloleni, njia tulivu, minazi mwanzo mwisho. Sisi tuliishia Rabai kwa sababu ya goti langu na kwa sababu ya wali wa shangazi.

Shangazi yake baba, bado yuko hai, haoni vizuri. Alipoambiwa mimi ni mtoto wa nani, aliuliza nimekuja na gari gani. Nikasema kwa baiskeli. Akasema nimpeleke. Akaishika usukani, akashuka na mkono mpaka kwenye keria, akapapasa mahali palipochomelewa zamani. "Hii yaliungwa hapa Mazeras," akasema, "walipoangushwa." Nilimpigia baba simu ya video nikageuza kamera aone mwembe, nyumba, shangazi, baiskeli. Mtandao ulikuwa unakatika. Alitazama muda mrefu. Halafu akauliza, "Breki zashika?"

Nikasema zashika.

Sasa wewe. Najua utauliza, na sisi wa Kisauni je, mbona njia zote ni za Likoni? Ukweli ni kwamba barabara ya Mtwapa kwenda Kilifi inapanuliwa, ni vumbi na malori, na siwezi kukupeleka mahali ambapo mimi mwenyewe siendi. Rafiki yangu anatafuta vijia vya ndani kutoka Kiembeni. Akivipata na kuvijaribu, nitaviandika. Changamwe mko karibu na Mazeras kuliko sisi wote, lakini nyinyi ndio mna trela mlangoni, kwa hivyo pikapu au msubiri.

Mwaka jana, Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli yalifanyika Kigali, mara ya kwanza Afrika. Tadej Pogačar akashinda, na watu wa Rwanda walijaa kando ya barabara kutoka asubuhi. Nilitazama nikiwa Likoni. Kilichonivutia hakikuwa Pogačar. Ni zile barabara zilizofungwa, siku nzima hakuna lori, mtu juu ya baiskeli ndiye mwenye njia. Sisi hatuombi kufungiwa barabara. Ile sehemu ya Miritini hadi Mazeras, mtu akituwekea upana wa mita moja na nusu pembeni, pamoja na ukuta wa kututenga na magari, basi muuza nazi atapita, mwanafunzi atapita, na mimi nitaacha kulipa Sh150 za pikapu. Mpaka sasa mzee wa madumu niliyepishana naye hana hata hiyo pikapu. Yeye anashuka nalo trela kila siku, na breki zake sikuziona vizuri.

Kama unataka kuja, Jumapili ya kwanza ya mwezi tunatoka Likoni saa kumi na mbili kasorobo asubuhi. Beba maji lita mbili, tiyubu moja ya saizi yako, pampu kama unayo, Sh500 za chakula na gari, na kitambulisho. Suruali au sketi fupi ya mpira, si dera. Kabla hujatoka geuza baiskeli juu chini, zungusha gurudumu, bana breki. Raba ikiwa nyembamba kuliko kidole chako kidogo, usije, nenda kwa fundi kwanza. Mbili zinauzwa Sh100. Wiki ijayo tutakuwepo bado.